Korti Imesema Nikapimwe Ulevi, Mbona Saivi Sijalewa?

Jamaa mmoja kanitumia voisi ya dakika nne, nyuma mtoto analia na runinga inapiga kelele, ila swali lenyewe ni fupi: "Kaka, nilishikwa na polisi mwezi uliopita nikitoka kwenye sherehe. Sasa korti imesema nikapimwe ulevi. Mimi tangu siku ile sijagusa hata tone, sasa watapima nini?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana si wa kwanza kuuliza. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Marekani hili jambo kila mtu ana jibu lake. Mmoja atakwambia unapelekwa kwa daktari wa wazimu, mwingine anasema ukiingia mule ndo umeshakiri kosa, mwingine, na huyu ndo hatari kuliko wote, anasema "waambie hunywi kabisa, yataisha." Hayaishi. Kwahiyo ngoja tulifungue taratibu.

Tuanze na maneno. Kuendesha gari umelewa huku kuna majina mengi kwa vile kila jimbo lina sheria yake: Illinois na Georgia wanaita DUI, Texas na Minnesota DWI, Ohio OVI, Wisconsin OWI. Usichanganyikiwe, kosa ni lilelile, umeshika usukani ukiwa na pombe au kitu kingine kinacholevya. Kiwango cha pombe kwenye damu kinachohesabiwa kosa ni asilimia 0.08 karibu kila jimbo, Utah peke yake ndo walishusha mpaka 0.05 kuanzia mwisho wa 2018. Ndugu zetu madereva wa malori, nyie mkiwa kwenye lori kiwango chenu ni 0.04, yaani nusu ya wengine. Na walio chini ya miaka 21 karibu hawaruhusiwi kitu.

Kile alichopuliza jamaa barabarani kilipima pombe iliyokuwa mwilini usiku ule. Hiki anachotakiwa kufanya sasa ni kitu kingine kabisa, ni tathmini ya matumizi ya pombe na madawa ya kulevya, huku wengi wanaiita tu ivaluesheni. Inapima wewe na pombe mnaishije. Tatizo tukasema "kupimwa ulevi" kwa Kiswahili, watu wakaelewa kupuliza, ndo maana mtu anashangaa atapimwa nini na hajanywa.

Ichukulie hivi. Gari limegonga mti. Polisi anakuja anaandika: gari hili, mti huu, saa fulani. Anamaliza anaondoka. Lakini fundi akiletewa gari hilohilo anafungua boneti, anavua tairi, anataka kujua breki zilikuwa zimeisha siku nyingi au dereva alipitiwa tu siku hiyo. Korti inataka kusikia neno la fundi kabla haijaamua ikufanye nini. Mtu aliyekunywa kupita kiasi siku moja kwenye harusi ya dada yake, na mtu ambaye kila siku lazima anywe ndo mikono iache kutetemeka, wote wawili mashine inaweza kuandika 0.12. Namba moja, matatizo mawili tofauti kabisa.

Anayefanya hiyo kazi si polisi wala hakimu, na mara nyingi si daktari pia. Ni mshauri mwenye leseni ya jimbo, ana ofisi yake, na wewe ndo unamlipa. Mnakaa saa moja hadi mbili. Anakuhoji, anakupa dodoso ujaze, anaangalia ripoti ya polisi na rekodi yako ya udereva, pengine atakupima mkojo, na vipo vipimo vya mkojo vinavyonasa pombe ya siku mbili tatu nyuma. Mwisho anaandika ripoti inayosema tatizo likoje na anapendekeza nini.

Sasa nichukue jimbo moja tuone inavyokwenda, nitachukua Illinois maana Waswahili tuko wengi kule na utaratibu wao umenyooka. DUI ya kwanza Illinois ni kosa dogo la daraja A, lakini usidanganyike na hilo neno "dogo", kifungo kinaweza kufika siku 364 na faini mpaka dola 2,500. Kabla hakimu hajatoa adhabu lazima tathmini iwe imefanyika, sheria inasema hivyo, si hakimu kakuchukia. Ripoti inakuweka kwenye fungu moja kati ya manne.

Fungu la chini kabisa ni la mtu ambaye hana DUI huko nyuma, pombe ilikuwa chini ya 0.15, na hana dalili nyingine za tatizo. Huyo anasoma darasa la jumla ya saa 10, basi. La pili ni yule ambaye naye hana historia lakini pombe ilifika kati ya 0.15 na 0.19, au alikataa kupimwa. Huyu ni darasa zile saa 10 pamoja na angalau saa 12 za vikao vya ushauri. La tatu, una DUI moja ya zamani, au ulifika 0.20 kwenda juu, au dalili zimeonekana, hapo unaongezewa matibabu yasiyopungua saa 20. Na la nne ni mtu ambaye dalili zinaonyesha pombe imeshamshika, au ana mbili za nyuma ndani ya miaka 10. Huyo ni saa 75 za matibabu kwa uchache.

Rudi kidogo kwenye lile fungu la pili. Umeona "alikataa kupimwa"? Ule ushauri wa kijiweni wa "ukishikwa usipulize" Illinois unakutoa fungu la kwanza hapohapo, hata kama ulikuwa umekunywa glasi moja. Na leseni inasimamishwa mwaka mzima badala ya miezi 6, kwa kosa la kwanza. Sisemi watu wote wapulize au wasipulize, hilo muulize wakili, nasema tu huo ushauri wa bure una bei yake.

Haya, ndani ya chumba anauliza nini? Hapa ndo watu wetu wanajikwaa, na si kwasababu ni walevi.

Kwanza hesabu ya chupa. Mshauri akiuliza "unakunywa ngapi kwa wiki" kichwani kwake kuna kipimo cha Kimarekani, gramu 14 za pombe tupu. Hiyo ni bia ndogo ya mililita 355 yenye asilimia 5, au glasi ya divai, au toti moja ya pombe kali. Sisi tunahesabu chupa, na chupa zetu za nyumbani ni kubwa. Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ni kama gramu 16 na nusu. Safari ya nusu lita, asilimia 5.5, inafika kama gramu 22, yaani kipimo kimoja na nusu. Na ndugu zangu mliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, ile Primus kubwa ya sentilita 72 ni karibu gramu 28, hiyo ni vipimo viwili kamili kwenye chupa moja! Mtu anasema "nakunywa mbili tu" na anasema kweli ya Mungu, mshauri anaandika mbili wakati ni nne. Na whisky ya kumimina nyumbani kwa macho ndo usiseme. Kwahiyo taja ukubwa wa chupa na aina ya kinywaji, usitaje idadi ikaning'inia peke yake.

Na hapo ndo uongo unapokufa. Mshauri ana karatasi ya polisi mezani, imeandikwa 0.16, wewe unasema bia mbili. Mwanaume wa kilo 80 bia mbili za mililita 355 hazimfikishi hata nusu ya hapo. Ini linaondoa pombe taratibu sana, kama 0.015 kwa saa, na halina haraka, kahawa haiongezi kasi, maji baridi hayaongezi, supu ya pilipili nayo haiongezi, inakuacha umelewa na jasho tu. Mtu wa hesabu anarudi nyuma kwa urahisi. Tena kuna madodoso yametengenezwa yana kipimo cha ukweli ndani yake, ukijibu kila swali kama malaika yenyewe yanaandika kwamba huyu anajificha. Na mtu anayejificha anaweza kujikuta kwenye fungu la juu zaidi.

Pili, majigambo. Tuna tabia ya kusifia kifua. "Mimi pombe hainishiki, naweza kumaliza kreti na nikaendesha nimenyooka." Kijiweni hiyo ni sifa, kwenye kile chumba ni dalili. Kitabu cha uchunguzi wa magonjwa ya akili wanachotumia Marekani, toleo la tano la 2013, kina dalili 11 za tatizo la pombe, na mojawapo ni hiyo hiyo, kwamba unahitaji nyingi ndo uisikie. Dalili 2 au 3 ndani ya mwaka ni tatizo dogo, 4 au 5 ni la kati, 6 kwenda juu ni kubwa. Nyingine ni kama kujaribu kupunguza ukashindwa, kunywa zaidi ya ulivyopanga, kuendelea kunywa wakati unaona ndoa inaharibika, kutumia pombe mara kwa mara sehemu za hatari kama kwenye usukani. Ukiangalia vizuri utaona jamaa wa DUI anaingia hiyo ya mwisho imeshamkaribia.

Na lile swali la asubuhi. Kuna dodoso fupi la maswali manne ambalo ni la siku nyingi, la mwisho linauliza kama umewahi kunywa asubuhi ukiamka ili kutuliza mwili. Sasa sisi Jumapili asubuhi "kuzimua" ni mzaha, Wakenya wanasema "kutoa lock", mtu anajibu huku anacheka: si ndo kawaida! Mshauri hacheki, anaandika. Kama kweli unafanya, sema, lakini sema ni mara ngapi, mara mbili kwa mwaka si sawa na kila Jumapili.

Tatu, na hili linaniuma, lugha. Mkalimani akiwa mzembe au ukimleta shemeji akutafsirie, mambo yanaharibika kimyakimya. Swali ni "unatumia madawa ya kulevya?" linatafsiriwa "unatumia dawa?" Mzee wa watu anajibu "ndiyo, kila siku, asubuhi na jioni." Anazungumzia presha! Neno letu moja linabeba panadol na heroini, kwahiyo ukisikia "dawa" uliza dawa ya nini kabla hujajibu.

Halafu saa. Ulianza kunywa saa ngapi? "Saa mbili." Ulishikwa saa ngapi? Ripoti ya polisi inasema 11 usiku. Kwetu saa mbili usiku ni 8, kwahiyo ulikunywa muda wa saa tatu, sherehe ya kawaida. Mkalimani akitafsiri neno kwa neno inaandikwa 2 mchana, na hapo umekunywa saa tisa mfululizo. Saa tisa! Kwa neno moja tu umeshageuka mtu mwingine kwenye karatasi.

Mkalimani ni haki yako kortini, na ofisi zinazopokea pesa za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za raia ya 1964, Kifungu cha Sita, zisikubague kwasababu ya taifa ulikotoka, na lugha mara nyingi imehesabiwa humo. Omba mapema unapopiga simu kubuku, usisubiri siku ya siku. Na sema Kiswahili kipi, cha Bukavu na cha Mombasa si kimoja, ninyi wenyewe mnajua. Shemeji abaki kwenye gari, maana mbele ya shemeji nani atasema ukweli kuhusu pombe?

Kuhusu "nikienda nimekiri". Hapana, kwenda kwenye tathmini si kukubali hatia, hatia inaamuliwa kortini. Lakini si kwamba unachosema kinapotea hewani pia. Rekodi za matibabu ya ulevi zinalindwa na sheria ya serikali kuu, mshauri hawezi kumpigia bosi wako wala mchungaji wako, ila kwa tathmini ya korti unasaini fomu ya kuruhusu ripoti iende kortini. Soma imeandikwa iende kwa nani na nani. Na kama kesi bado mbichi, hujakiri wala hujahukumiwa, ongea na wakili kwanza kuhusu lini uende, wapo mawakili wanaotaka mteja aende mapema kwa hiari ionekane anajali, wapo wanaosema subiri. Ndani ya chumba unaulizwa kuhusu usiku ule pia, si maisha tu, kwahiyo wakili ajue kabla.

Wazimu je? Hakuna anayekupeleka huko. Vituo vya kulala vipo lakini ni kwa walio kwenye hali ngumu, watu wengi wanaishia darasa la jioni au vikao mara moja kwa wiki huku wanaendelea na kazi zao. Juu ya hapo kuna matibabu ya kutwa ya saa 9 au zaidi kwa wiki, na bado unarudi kulala kwako.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni kwamba hizi ni njia mbili zinazokwenda pamoja. Korti ni moja, leseni ni nyingine. Unaweza kumalizana na hakimu vizuri ukakuta leseni bado imefungwa, maana ofisi ya leseni ina macho yake. Illinois hiyo ofisi iko chini ya Katibu wa Jimbo, na ukienda kwenye kikao chao kuomba kuendesha tena wanataka tathmini isiyozidi miezi 6. Wengi wamefanya ya korti, wakaweka kabatini, mwaka ukapita, wanaitoa kwa furaha wanaambiwa nenda kafanye nyingine. Pesa tena. Na kama huna kabisa, Illinois kuna mfuko wa jimbo unaolipia wasio na uwezo, muulize mshauri kabla hujaanza kukopa.

Wasio na uraia, someni hapa polepole. DUI moja ya kawaida peke yake kwa kawaida haikufukuzi nchini, mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema DUI si kosa la matumizi ya nguvu. Lakini tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa 2019, hukumu mbili au zaidi za DUI ndani ya kipindi kinachoangaliwa zinachukuliwa kwamba huna mwenendo mwema unaotakiwa kwenye maombi kama ya uraia, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo unabaki kwako. Fomu ya uraia inauliza kuhusu kukamatwa, si kuhukumiwa tu. Wenye viza, kama wanafunzi, viza inaweza kufutwa kwa kukamatwa peke yake kabla hata kesi haijasikilizwa. Na ile supavisheni ya Illinois, yaani uangalizi wa korti, ambayo kwa jimbo si hukumu, wakili wa kesi anakupongeza mnashikana mikono, uhamiaji wanaweza kuihesabu hukumu kama ulikiri kosa. Tangu 2010 wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukwambia madhara ya uhamiaji kabla hujakiri, kwahiyo muulize kwa mdomo, "hii itagusa makaratasi yangu?" Ripoti ya tathmini nayo inaweza kuja kusomwa huko, iwe kukusaidia kwamba uliambiwa huna tatizo au ulimaliza matibabu, iwe kukuumiza. Ndo maana cheti cha kumaliza darasa unapiga picha, unaweka nakala tatu.

Ripoti ikiwa tayari isome kabla ya kusaini. Kiingereza kikikushinda rudi na mkalimani. Angalia saa, angalia chupa, angalia dawa.

Jamaa yangu nilimweleza haya yote, naye akanitumia voisi nyingine, safari hii fupi: "Nimekuelewa kaka, nimeshabuku. Jumanne saa nne." Nikampigia nikamuuliza, saa nne yetu au ya kwao? Akakaa kimya, nasikia anapekua makaratasi.

"Imeandikwa 4 jioni."

"Basi ni saa kumi. Usije ukaenda asubuhi ukawaambia walikuacha mlangoni."